Kuhusu ile kola ya Munch

Shoga yangu, mambo?

Ujumbe wako nimeusoma, nikaona mistari miwili haitatosha, hivo ngoja nikuandikie vizuri. Umeuliza kwa nini Edvard Munch, yule mchoraji wa Norway, kwenye ile picha aliyojichora mwenyewe 1895, yenye mfupa wa mkono pale chini, kavaa kama padri. Si upadri ule. Angalia tena, koti halipo, mabega hayapo, kila kitu kimemezwa na weusi, kimebaki uso na kakola keupe basi. Na ile ni litografia, yani anachora na kupaka kitu chenye mafuta juu ya jiwe la chokaa, jiwe linaloweshwa maji, wino wa kuchapia unashika penye mafuta tu, kwa hiyo weusi wote ule kaupaka kwa makusudi, koti kalifuta mwenyewe! Picha za wakubwa wa enzi zile zilijaa medali na saa za mnyororo ili ujue huyu jenerali huyu tajiri, yeye hataki umjue hivo. Juu kaandika jina na mwaka, chini mfupa, ni kama bamba la kaburi kabisa, na mtu mwenyewe ana miaka 31 tu. Mama yake na dada yake Sophie wote waliondoka kwa kifua kikuu yeye akiwa bado mdogo, kwa hiyo mi ule mfupa siuoni kama pambo hata kidogo.

Strindberg, yule mwandishi wa tamthilia wa Sweden, nae Munch alimchora 1896, kazungushiwa fremu ya mistari ya mawimbi ambayo upande mmoja inageuka kuwa mwanamke uchi, na jina likakosewa, R imeruka. Mwenyewe hakupendezwa kabisa, na namuelewa.

Ila inayonigusa zaidi ni Eva Mudocci. Huyu ni Mwingereza, mpiga fidla, na hata hilo Mudocci ni jina la jukwaani, kwao alikuwa Evangeline Muddock. Munch kamchora 1903 mara kadhaa. Kwenye moja yuko na fidla yake pamoja na mpiga piano wake Bella Edwards, hapo ni mtu na kazi yake. Kwenye nyingine, ile wanaiita Bruchi, yani pini ya urembo ya kubana nguoni, fidla hakuna, gauni ni vimistari vichache vya haraka haraka, halafu zile nywele zimemwagika pande zote, macho yanatazama pembeni, na pale kifuani bruchi moja kubwa imechorwa kwa uangalifu kuliko gauni zima. Wengi wanaisifia kuwa ndo Eva halisi, mi nakataa, naona kavuliwa kazi yake akabakizwa uzuri. Halafu mwaka huohuo nywele zilezile zinazunguka kichwa cha Munch mwenyewe na picha inapewa jina Salome, yule wa kichwa cha Yohana Mbatizaji kwenye sinia, na hilo jina lilimuudhi sana Eva. Nguo wala haihusiki hapo, ni nywele kuzungushwa kichwa cha mtu na jina jipya tu, mtu keshakuwa muuaji.

Kwa hiyo kwenye insha yako usianze na nguo inaonyesha cheo gani, anza na kipi kimebakizwa na kipi kimefutwa. Na zipo nakala za ile ya 1895 ambazo mfupa umefunikwa kwa wino, zitafute uziweke pamoja na hii uliyonayo, kisha niambie kama bado unamuona padri. Wasalimie nyumbani wote.