Mpango wa Safari ya Aisilandi, Julai

Ndugu wanakikundi, salaam. Baada ya kupiga hesabu, napendekeza tuizunguke Aisilandi kwa siku 10 kupitia Barabara Namba 1, yenye urefu wa takriban kilomita 1,300, tukilala kwenye mahema katika viwanja vya kambi, kwa sababu hoteli zitatumaliza fedha mapema. Chakula tutanunua Bónus, duka la vyakula la bei nafuu, huko Reykjavík, mji mkuu, na kupika wenyewe. Maji ya bomba ni salama, hivyo kila mmoja abebe chupa.

Gari dogo linatosha, ila haliruhusiwi kwenye barabara za milimani zenye herufi F. Tafadhali, shikeni mlango wa gari kwa mikono miwili mnapoufungua, kwani upepo wa huko hupindisha bawaba, na bima nyingi hazifidii hasara hiyo. Naomba majibu kabla ya Ijumaa.