Chupa za mafuta ya kufukuzia kupe na mbu zieleze kinga yake ni ya saa ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nizungumzie dawa za kupuliza zinazotengenezwa kwa mafuta ya mchaichai, mkaratusi, karafuu na mwarobaini, ambazo siku hizi zinauzwa kwenye maduka ya pembejeo, magulioni na hata ndani ya mabasi kwa maelezo kwamba zinafukuza kupe, mbu na wadudu wengine wanaouma. Sina ugomvi na mimea hiyo. Ninachodai ni kwamba kila chupa ieleze mambo mawili ambayo kwenye chupa nyingi nilizoziona hayamo: kiasi cha mafuta kilichomo ndani, na saa ambazo mtu au mnyama atakuwa amekingwa.

Kwamba kuna mimea inayofukuza wadudu ni jambo la kweli. Wazee wetu waliweka kivumbasi ndani ya nyumba na kuvukiza majani yake jioni ili mbu wapungue, na watafiti waliokuja kuyapima mafuta ya jamii ya kivumbasi, wakiwamo wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walikuta kwamba wazee hawakukosea. Hata mgagani, huu tunaoula kama mboga, umepimwa ukaonekana kumkimbiza kupe. Utaalamu wa kutoa mafuta nao tunao hapa hapa: kiwanda cha Wawi, Chake Chake, Pemba, kinatoa mafuta ya makonyo (vikonyo) ya karafuu kwa mvuke, na ya mchaichai na mkaratusi vilevile.

Shida iko kwenye muda. Kinachomfukuza mbu ni harufu, na harufu hiyo ni mafuta yenyewe yanayotoka kwenye ngozi na kuingia hewani. Yakiisha kutoka, kinga nayo imekwisha. Mafuta ya jamii ya mchaichai yakipakwa bila kitu cha kuyashikilia mara nyingi hupoteza nguvu kabla ya muda wa saa 2 kupita, na kwa joto la Tanga na jasho la mtu aliyeshika jembe, ni mapema zaidi ya hapo. Yapo ya asili ya mmea yanayodumu, nayo ni yale yaliyosafishwa kutoka kwenye mkaratusi wenye harufu ya limau, ambayo kiini chake huitwa PMD na ambayo yakiwa na ukali wa kutosha humkinga mtu kwa saa kadhaa. Lakini mafuta ghafi ya mti huo huo hayana PMD ya kutosha, na mnunuzi akiona picha ya jani la mkaratusi kwenye chupa hana namna ya kujua ameuziwa lipi.

Kwa mfugaji, kutojua huko kunamgharimu ng'ombe. Nimefanya kazi ya ugani wa mifugo kwa muda mrefu na ninaelewa kwa nini watu wanakimbilia mafuta haya: dawa ya kuogeshea ni ghali, majosho mengi ni mabovu, na baadhi ya kupe wamekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka. Hata hivyo, ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ina utaratibu wake. Kijidudu chake, Theileria parva, hakimwingii ng'ombe mara tu kupe anaposhika. Kwa kawaida kupe hunyonya kwa siku 3 hadi 5 ndipo kijidudu kikomae kwenye mate yake na kupita. Ndiyo maana tunaogesha kila wiki, na penye kupe wengi mara mbili kwa wiki, ili kupe auawe kabla siku hizo hazijatimia. Mafuta yaliyopuliziwa asubuhi wakati wa kutoa ng'ombe zizini yatakuwa yamekwisha harufu kabla ya adhuhuri, na kupe atakayepanda mchana atakaa sikioni kwa raha zake hadi kesho na keshokutwa. Aliyekwisha kuzamisha mdomo hatoki kwa sababu ya harufu. Zaidi ya hayo, kumwogesha ng'ombe mzima mmoja kwa bomba la mgongoni kunahitaji lita kadhaa za dawa iliyochanganywa; chupa ya mililita 100 haitoshi hata masikio na mkia kwa mifugo ya nyumba moja. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa akishikwa na ndigana kali asitibiwe mapema, mara nyingi hamalizi mwezi. Mwenye uwezo na aulizie chanjo, kwa kuwa ipo, na kuogesha kuendelee, maana chanjo hiyo haizuii magonjwa mengine ya kupe kama ndigana baridi, kukojoa damu na maji moyo.

Kwa binadamu ninaona nafasi ya dawa hizi ni kubwa zaidi, mradi zisichukue nafasi ya chandarua. Wapo mbu wa malaria wanaouma nje mapema jioni, wakati watu wako barazani au jikoni, na chandarua bado hakijashushwa. Mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana. Katika saa hizo dawa ya kupaka ina kazi ya kufanya, na mama akiambiwa wazi kwamba hii inakinga kwa muda wa saa 1 atajua wakati wa kurudia.

Kuna na suala la usalama. Pareto ya Iringa na Mbeya ni ua la asili na ni sumu ya wadudu, kwa hiyo neno "asili" kwenye chupa halijibu swali lolote. Mafuta ya karafuu yasiyopunguzwa ukali huchoma ngozi. Ya ndimu yakipakwa kisha mtu akakaa juani huweza kumbabua. Na hayo ya mkaratusi wa limau, pamoja na sifa zake, wataalamu wa afya wa Marekani wanashauri yasipakwe watoto wa chini ya miaka 3.

Ninaomba mamlaka za viwango na za viuatilifu zisiwafungie vikundi vidogo vinavyotengeneza mafuta haya, wengi wao wakiwa akina mama, bali ziwape njia ya kupima. Taasisi ya Afya Ifakara ina mahali pa kupimia dawa za kufukuza mbu huko Bagamoyo. Kikundi kisichomudu gharama kisaidiwe na halmashauri yake kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na majibu ya kipimo ndiyo yachapwe kwenye lebo, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka.

Afisa mifugo mstaafu,
Muheza, Tanga