Barua kutoka Trabzon: huku nako wanachuma chai

Trabzon, Uturuki
Mwishoni mwa Mei

Baba na Mama, shikamooni.

Mimi ni mzima na masomo yanaendelea. Mitihani iko karibu. Mama, najua ulipiga simu Jumamosi kutwa bila kunipata ukaanza kuwaza mabaya, ndiyo maana leo naandika barua nzima badala ya ujumbe wa WhatsApp. Nilikuwa milimani kwa kina mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja hosteli, na kule mtandao unakuja na kukatika kama umeme wa Tukuyu wakati wa masika.

Kwao ni Ardeşen, mkoa wa Rize, mashariki ya hapa. Unapanda basi dogo, Bahari Nyeusi mkono wa kushoto na milima mkono wa kulia, kama saa mbili hivi, kisha unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Baba, niliposogea dirishani niliona chai. Mteremko mzima ni chai, kuanzia barabarani mpaka ukungu unapoanzia, nyumba zimechomoza katikati moja moja. Rize ndiyo inayoongoza kwa mvua Uturuki nzima, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo hata matope niliyokanyaga nayafahamu.

Mlangoni tulivua viatu tukapewa kandambili za ndani. Huku mdogo akimsalimia mzee huubusu mkono wake, kisha huugusisha kwenye paji la uso. Mwenzangu alitangulia kwa bibi yake, nami nikafuata, nikaongeza na kupiga goti kidogo kama tunavyowaamkia wazee nyumbani. Bibi akauliza kwa sauti, kana kwamba sipo, "Huyu kalelewa na nani?" Nikamjibu mwenyewe kwa Kituruki kwamba nimelelewa na mama yangu. Akanimiminia marashi ya ndimu viganjani, ndivyo wanavyompokea mgeni, na tangu hapo hakuniita jina tena, ni "mwanangu" tu.

Wale ni Walazi. Bibi na babu wakiwa wawili huongea Kilazi, lugha iliyo jamaa na ile ya Wajojia wa ng'ambo ya mpaka. Wajukuu wanaelewa kila kitu lakini wanajibu kwa Kituruki, na bibi hilo linamuudhi. Mwambieni mdogo wangu anayemjibu bibi Kiswahili kila akisemeshwa Kinyakyusa kwamba nimemkumbuka.

Chakula chao kingekushangaza, Mama. Asubuhi huweka katikati sufuria ya muhlama: unga wa mahindi umekaangwa kwa siagi nyingi, ukasongwa na jibini inayovutika, kila mtu anachovya kwa mkate. Mchana ilikuwa supu ya majani meusi ya kabichi na maharage, na mkate wa mahindi. Wana na dagaa wao wa baharini, hamsi, ila msimu wake ni wakati wa baridi. Nimealikwa tena.

Chai yenyewe ni ya rangi, basi. Birika mbili zinapandana: ya juu ina majani, ya chini maji ya moto, na unamiminiwa kwenye kiglasi chembamba kisicho na mkono. Kiglasi kikiisha kinajazwa, mpaka ulaze kijiko juu yake. Mwenzangu alikuwa amenidokeza mapema. Nilipowaambia kwamba kwetu inachemshwa pamoja na maziwa na tangawizi, bibi alisema huenda majani yetu ni mabaya ndiyo maana tunayaficha. Hapo sikukubali. Nikamwambia kwetu Rungwe, pale Kyimbila, Wajerumani walipanda chai mwaka 1904, na kiwanda cha kwanza cha chai cha Waturuki, pale Rize, kilifunguliwa 1947. Babu alicheka mpaka akakohoa. Akasema kweli, hata mbegu zilitoka Batumi, ng'ambo kwa Wajojia, miaka ya 1920, na kabla ya hapo Mturuki alikuwa mtu wa kahawa.

Jumamosi wote tulikwenda shambani. Wachumaji wengi ni wanawake, wamejifunga viunoni kitambaa cha mistari. Hawachumi kwa vidole, Baba. Wanatumia mkasi mkubwa, ubapa wake mmoja umeshonewa mfuko. Unakata, majani yanaingia yenyewe, mfuko ukijaa unamwaga kwenye shuka lililotandikwa chini, unafunga pembe nne, unabeba. Bibi alitaka aone sisi tunavyochuma. Nikamchumia majani mawili na chipukizi, mikono yote miwili, kama ulivyonifundisha. Akayageuza kiganjani, akasema, "Mazuri. Lakini kwa mwendo huo utamaliza Oktoba." Akanipa mkasi.

Ana sababu. Huku theluji huanguka juu ya michai, na miti inalala. Sisi tunazunguka shamba mwaka mzima, wao wanavuna kama mara tatu tu kati ya Mei na Oktoba, na majani yakishatoka yasipokatwa upesi yanakomaa. Hasara ya mkasi ni kwamba hauchagui, unazoa na vikonyo vigumu. Kituoni mpimaji alizamisha mkono ndani ya mzigo, akatoa vikonyo, akapunguza kilo. Maneno aliyoyasema shangazi wa mwenzangu pale kwenye mizani ni yale yale yako, ila kwa Kituruki.

Mama, najua utauliza habari za Jumapili. Nilisali chumbani kwangu asubuhi, nao walipunguza sauti ya televisheni bila kuombwa. Ni Waislamu, na hakuna aliyenisumbua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, Baba. Kule mzigo wa chai haupandishwi mlima kwa kichwa. Wamevuta waya wa chuma kutoka shambani hadi barabarani, juu ya bonde. Juu kuna mota na puli, chini kuna ndoano. Unaning'iniza mashuka yako, unapiga mluzi, mtu wa juu anawasha, na mzigo unavuka bonde peke yake mkiwa bado mnafunga mwingine. Karibu kila ukoo una wake. Babu aliniacha nifungue kifuniko cha mota yao nikaichunguza, nikapiga picha za nguzo, za breki na za jinsi waya ulivyofungwa kwenye zege. Hakuna kitu pale ambacho fundi wa Mbeya hawezi kukitengeneza. Nilikuwa namfikiria Mama anavyopanda kutoka shamba la bondeni na tenga mgongoni mvua ikinyesha, na wale vijana tunaowalipa kubeba.

Sisemi tutumie pesa sasa hivi. Kwanza nataka nijue kama inawezekana, na mwalimu wangu wa mitambo amekubali kuniangalizia hesabu. Naomba unipimie kwa kamba mambo mawili: upana wa bonde kutoka mchai wa mwisho wa chini hadi pale mpapai wa barabarani, na kimo cha barabara kutoka mtoni, hata kwa kukadiria. Kamba ivutwe ikaze, mmoja asimame kila upande. Usimtume mdogo wangu peke yake, atapima nusu aje kulala. Pia muulize jirani wa ng'ambo kama atakubali nguzo moja isimame kwenye kona ya shamba lake, na umuulize kabla hajasikia habari hizi kwa watu wengine.

Nisalimieni bibi na wote wa nyumbani.

Wasalaam,
Mwanenu