Malalamiko kuhusu gego langu kuvikwa kofia bila picha ya mwisho

Meneja,
Kliniki ya Meno,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: JINO KUFUNIKWA BILA KUPIGWA PICHA, NA KUNYIMWA PICHA YANGU YA KWANZA

Nimepiga simu kwenu wiki tatu mfululizo bila kupata jibu la maana, ndiyo maana leo naandika.

Mwezi Machi nililetwa kwenu na gego la kwanza la chini, upande wa kushoto. Lilikuwa limetoboka, na ukuta wake wa shavuni umemeguka. Nilipigwa eksirei ndogo, nikaonyeshwa kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi, dalili ya maambukizi. Daktari alinieleza kwa utulivu, na kwa hilo namshukuru, kwamba kuziba tundu peke yake hakutasaidia: mshipa utolewe, mizizi isafishwe na kuzibwa, kisha jino livikwe kofia, yaani kifuniko kigumu cha kulizunguka, lisije likapasuka. Sikutaka kung'oa. Nikalipa shilingi 650,000, na 350,000 kati ya hizo ni za kofia.

Gego la namna hiyo kwa kawaida lina mizizi miwili, lakini mifereji ndani yake, yaani njia nyembamba za mshipa, ni mitatu, pengine minne. Picha ya baada ya kuziba ndiyo inayoonyesha kama dawa imefika karibu na ncha na kama hakuna mfereji uliosahaulika. Kwa macho haiwezekani. Siku ya kuzibwa niliambiwa mashine ina hitilafu, nitapigwa nikirudi. Nikarudi kuchukuliwa vipimo vya kofia, kimya. Siku ya kubandika kofia nilikumbusha mwenyewe, nimeshalazwa kitini. Nikajibiwa, "Si haliumi, mama?" Ikabandikwa.

Juni nikaamka shavu limevimba, fizi inatoa usaha. Hospitali nyingine walipiga picha: mfereji mmoja haujaguswa, na kwenye mwingine dawa imeishia katikati. Walipouliza kile kivuli kilikuwa na ukubwa gani Machi, sikuwa na cha kuwaonyesha. Picha mnayo ninyi, na mapokezi wenu wanasema ni mali ya kliniki. Jino ni langu, hela ya picha nimetoa mimi, na anayenitibu sasa anaihitaji. Hili limeniuma kuliko uvimbe wenyewe.

Nimeelezwa kwamba matibabu ya mizizi huweza kushindwa hata mikononi mwa daktari makini, na ningelipokea hilo. Ila hapa picha ya dakika chache ingeonyesha kasoro kabla jino halijafunikwa.

Naomba nakala ya picha ya Machi na maelezo ya faili langu, maelezo ya maandishi ya daktari kuhusu siku ile ya kuziba, na kurudishiwa shilingi 350,000, kwa sababu kofia hiyo sasa lazima ikatwe ili mizizi ifikiwe upya.

Itakatwa tarehe 22 mwezi huu. Picha naihitaji kabla ya siku hiyo. Nitaifuata mwenyewe mapokezi.

Wako,
Mgonjwa mwenye faili kwenu