Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wote, wauza mbao na maseremala wa Moshi

Ndugu wanachama, salaam. Mambo ya kawaida mnayajua, tulikutana mara 3, tukaenda Chuo cha Viwanda vya Misitu kuona mbao zinavyokaushwa, tukazika wenzetu 2. Tusonge.

Sasa hii ofisi yetu tuliyojenga kwa mbao. Maneno nimeyasikia mpaka Kiborloni, eti mwenyekiti kachukua milioni 4 na laki 6, badala ya ofisi kajenga banda la kuku. Hela ilipitishwa na kamati, muhtasari upo kwa katibu. Alafu jamani sisi ni wauza mbao na maseremala, mteja akitukuta kwenye ofisi ya tofali tutamwambia nini? Mjini hapa mbao ni ya kenchi na papi za kushikilia bati, au ya kufungia zege, ikishavuliwa inaenda kuivisha maharage. Wenzetu Norway, pale Brumunddal, wana ghorofa 18 za mbao tangu 2019, mita 85 kwenda juu, na Milwaukee kule Marekani wakafikisha 25 mwaka 2022, ingawa 6 za chini ni zege, msije mkanishika hapo. Na wala sio mninga, ni mbao laini, ndugu wa paina yetu ya West Kilimanjaro, zinapangwa na kugandishwa kwa gundi mpaka inakuwa nguzo nene. Mnaoniuliza moto, nguzo nene ikiungua nje inafanya mkaa na ule mkaa unakinga mbao ya ndani, moto unaila taratibu, kama milimita 0.7 kwa dakika, wakati chuma kikipata joto kali kinalegea.

Ule ubao wa mlangoni uliojikunja, nakubali, ulikuwa mbichi. Aliyetuletea ni mwanachama, anajijua. Nimeupiga randa mwenyewe Jumapili 2, na misumari pamoja na dawa ya mchwa ilitoka mfukoni kwangu, sijadai.

Ada sasa. Tuko 64, waliomaliza ni 19. Elfu 5 kwa mwezi jamani! Mkutano wa Novemba walikuja 11, na 3 kati yao waliingia pilau ikipakuliwa, na hao hao ndio wa banda la kuku.

Mwakani Mungu akipenda tutafute tanuru letu la kukaushia, labda apatikane mfadhili, tutaona.

Katibu anapokea ada kila Ijumaa hapo hapo ofisini. Mlango bado unakwama kidogo, usukumeni kwa juu.