Jumamosi tunasoma sura mpya

Habari za jioni, ndugu zangu. Maoni yenu kuhusu kitabu kilichopita nimeyasoma yote, na ndiyo yananisukuma kuandika hiki kipya.

Tukutane Jumamosi saa 4 asubuhi, Capri Point, Mwanza, pale ufukweni mwa ziwa.

1. Someni sura ya 1 hadi ya 3. Anayetaka nakala ya karatasi atume shilingi 3,000.
2. Wenyeji wa Kirumba na Ukerewe, tafadhali kazieni sura ya 2: karabai (taa za kuvulia dagaa usiku), uanikaji wa dagaa, na siku za mbalamwezi wavuvi wanapopumzika. Hapo sitaki kukosea hata kidogo. Msinionee haya.

Chai ipo. Anayekuja aandike "nipo" kabla ya Jumatano usiku, nijue nakala ngapi nichapishe.