Barua kwa mdogo wangu kuhusu sanduku la zana la babu

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Moshi. Juzi kwenye simu uliniuliza kama sanduku la zana la babu lina kazi tena, au tuliuze pamoja na mbao zilizobaki, kwa kuwa nyumba ya mtaa wa Pasua inagawanywa. Nilinyamaza, nawe ukadhani mtandao umekatika. Nimeona nikujibu kwa maandishi, tena hadharani, kwa sababu wengi katika ukoo wetu wanamjua babu kwa yale tu yaliyosomwa katika wasifu siku ya mazishi: alizaliwa Nyasaland (Malawi ya leo), akapigana vita vya Wazungu, akaja Kilimanjaro kutafuta maisha. Neno hilo la mwisho liliniuma, maana lilimzika akiwa bado mtu wa kuja.

Babu aliingia Keya, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, akiwa kijana asiyeota ndevu. Akiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki alivuka bahari hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na mwaka 1944 wakapelekwa Burma, Myanmar ya leo, wakateremka Bonde la Kabaw katika mvua za monsuni, ambako malaria iliwaangusha watu na magari yalizama kwenye tope. Kiswahili chake kile cha amri, ambacho bibi alikicheka hadi uzeeni, alikipata humo jeshini, kwa kuwa ndicho kilichowakutanisha vijana wa Nyasaland na wenzao wa Tanganyika, Kenya na Uganda.

Mapigano hakuyasimulia. Alichopenda kusimulia ni daraja. Desemba 1944, baada ya mji wa Kalewa kutekwa, wahandisi wa jeshi waliunganisha vipande vya chuma juu ya mto Chindwin, na kwa siku chache likasimama daraja la zaidi ya mita 300. Babu aliniambia kuwa alisimama kando ya mto akitazama jinsi kila kipande kilivyoingia mahali pake bila kulazimishwa, na kwamba hapo ndipo alipojua akirudi salama atashika kazi gani.

Alifika Moshi wakati mzuri kwa seremala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 bei ya kahawa ilipanda sana, na watu wa mlimani waliokuwa wakiishi katika nyumba za majani walianza kujenga za matofali na mabati, zenye milango ya mbao na madirisha ya vioo. Nenda leo Kibosho au Old Moshi, utaikuta milango ya zama hizo ikifungwa na kufunguliwa na vitukuu.

Wewe ulikuwa mdogo mno kumwona akifanya kazi. Alipopiga randa ubao wa mkulo, karakana nzima ilijaa harufu ya kafuri, na maranda yalitoka marefu, membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Kiungo alikijaribu kwa mkono mtupu. Kikihitaji nyundo kuingia alikitoa na kukichonga upya. Kisha, mlango ukiwa tayari, aliupindua na kuupaka rangi ukingo wa chini mara tatu, pale ambapo mwenye nyumba hatapaona kamwe. Nilipomuuliza sababu alisema kwamba kule Kabaw kila kitu cha mbao kilianza kuoza kutokea chini, na askari waligundua wakati kimeshavunjika.

Kwa hiyo sanduku haliuzwi. Nimelihamishia kwangu, nimezifuta kutu patasi zote sita, na ile yenye mpini uliobonyea kwa kidole gumba chake nimeiacha kama ilivyo. Mlango wa mbele wa Pasua nao nitaung'oa kabla ya makabidhiano. Ukija Desemba, tuupindue tuupake rangi kwa chini, kisha tuufunge kwangu.

Dada yako